Ukishaanza Mionzi, Usikatishe: Ushauri kwa Mgonjwa wa Saratani ya Kichwa na Shingo na Wanaomuuguza

Mtu akiambiwa ana saratani ya ulimi, ya koo, ya zoloto au ya nyuma ya pua, swali la kwanza nyumbani huwa ni kama atapona, na la pili ni pesa zitatoka wapi. Swali la tarehe huja mwisho, tena likija: mionzi itaanza lini, itaisha lini, na siku zikiruka katikati inakuwaje? Naandika kuhusu hilo la mwisho kwa sababu nimeona familia zikijinyima kila kitu, nyingine zikiuza hata kiwanja, halafu sehemu ya faida ya matibabu ikapotea kwa siku chache ambazo hakuna aliyejua kwamba zina thamani.

Tuanze na hesabu yenyewe. Mgonjwa anayetibiwa kwa lengo la kupona, kama hakufanyiwa upasuaji, kwa kawaida hupewa mionzi ya kipimo cha grei 70. Hizo hugawanywa katika dozi 35 za grei 2, dozi moja kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki 7. Aliyepasuliwa kwanza hupewa pungufu kidogo, grei 60 hadi 66, kwa wiki 6 na ushei. Zipo hospitali zinazotumia dozi kubwa zaidi kwa siku chache, mathalani grei 55 kwa dozi 20 ndani ya wiki 4, na huko kila siku moja ni nzito zaidi. Lakini tuchukue ule mpango wa kawaida. Ukianza Jumatatu na usikose hata siku moja, dozi ya 35 inaangukia Ijumaa ya wiki ya 7, yaani siku ya 47. Siku hiyo ya 47 ni sehemu ya dawa sawasawa na zile grei 70.

Sababu iko ndani ya uvimbe wenyewe. Mionzi huua seli za saratani fungu kwa fungu, na zile zinazosalia hazikai zikingoja zamu yao. Mwaka 1988 Rodney Withers na wenzake wawili walichapisha uchambuzi ambao mpaka leo unaongoza upangaji wa tiba hii. Waliona kwamba ikifika kama wiki ya 4 ya matibabu, seli zilizobaki huanza kuzaana kwa kasi, zikijirudufu kwa takriban siku 4, ilhali uvimbe ambao haujaguswa unaweza kuchukua kama siku 60. Aliyepalilia nusu shamba akaenda msibani wiki mbili anajua atarudi kukuta nini. Withers alikadiria kwamba kuzima kizazi hicho kipya tu kunakula kama grei 0.6 kila siku. Dozi ya siku ni grei 2, kwa hiyo karibu theluthi yake, katika wiki za mwisho, inakwenda kulipa deni la jana. Siku usipokwenda, deni halilipwi.

Ndiyo maana kauli ya "utaongezewa siku hizo mwishoni" ni nusu ya ukweli. Ukikosa wiki moja, dozi zitatimia 35, lakini siku zitakuwa 54 badala ya 47, na saratani itakuwa imepata wiki nzima ya kupumua. Makadirio yanayotumiwa na wataalamu ni kwamba uwezekano wa kuudhibiti uvimbe pale ulipo hupungua kwa asilimia 1 hadi 2 kwa kila siku matibabu yanaporefuka. Nchini Uingereza, wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo wamewekwa katika kundi la kwanza, lile ambalo matibabu yao hayapaswi kuzidi muda uliopangwa kwa zaidi ya siku 2.

Wadenmaki waliliangalia jambo hili kwa upande wa pili. Wakajiuliza: kama kurefusha kunaumiza, je, kufupisha kunasaidia? Jens Overgaard na wenzake waliwagawa wagonjwa karibu 1,500, wengine wakapata dozi 5 kwa wiki, wengine dozi 6, jumla ya mionzi ikiwa ileile. Matokeo yalitoka mwaka 2003: baada ya miaka 5, uvimbe ulikuwa umedhibitiwa kwa asilimia 70 ya waliopata dozi 6, na asilimia 60 ya waliopata 5. Kisha Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki likaupeleka mpango huohuo kwenye vituo 9 vya Asia, Ulaya, Mashariki ya Kati, Afrika na Amerika Kusini, kwa wagonjwa 908, wengi wakiwa katika hospitali zisizo na uwezo wa Denmark. Majibu ya 2010 yalikuwa asilimia 42 dhidi ya 30. Siku za matibabu zilishuka kutoka 47 hadi 40, na hilo halikuhitaji mashine mpya. Lilihitaji Jumamosi moja, au dozi ya pili ndani ya siku moja ya wiki.

Hapa niweke angalizo, maana mtu anaweza kusoma haya akaenda kudai dozi 6. Wagonjwa wa tafiti hizo walipewa mionzi bila kemo. Anayepewa mionzi pamoja na dripu ya dawa ya kemo iitwayo sisiplatini, iwe kila wiki au kila baada ya wiki 3, hupangiwa dozi 5 kwa wiki, na kuharakisha zaidi hakujaonyesha faida kwake. Wewe muulize daktari uko kundi gani. Na kwa mgonjwa ambaye mionzi anapewa ili kupunguza maumivu au kuzuia damu tu, mpango ni mfupi na haubani namna hii. Ushauri wangu ni kwa wanaotafuta kupona.

Sasa, kwa kuwa wiki saba hizo hazitaki kukatika, kazi kubwa ya mgonjwa na familia iko kabla ya dozi ya kwanza. Watu wengi hukimbilia kuanza, na wana haki. Mwaka 2007 Wadenmaki walionyesha kwamba kwa wagonjwa waliosubiri mionzi kama wiki 4, zaidi ya nusu uvimbe wao ulikuwa umekua kwa kiasi kinachopimika. Kusubiri kuna bei. Lakini kama ni kuchagua kati ya kuanza Alhamisi hii bila mahali pa kulala, na kuanza Jumatatu ijayo ukiwa umejipanga, mimi nasema Jumatatu. Kilicho kibaya kuliko siku chache za kungoja ni kuanza, kufika wiki ya 4, halafu ukarudi kijijini.

Siku za kungoja si za kukaa. La kwanza ni meno. Jino bovu linalohitaji kung'olewa ling'olewe sasa, angalau siku 10 hadi 14 kabla ya dozi ya kwanza, ili fizi ipone. Taya likishapigwa mionzi halina tena mzunguko mzuri wa damu. Jino likija kung'olewa baadaye, hata baada ya miaka, kidonda kinaweza kukataa kufunga na mfupa ukafa. Mionzi imechelewa kwa wagonjwa wengi kwa sababu daktari wa meno alikumbukwa mwishoni. Nenda kwake wiki ileile uliyopewa majibu ya kinyama, usisubiri barua.

Katika siku hizohizo utaitwa kutengenezewa barakoa. Karatasi ya plastiki yenye matundu hulowekwa kwenye maji ya moto hadi ilainike, kisha hutandazwa usoni mwako ikiwa bado ya uvuguvugu, ikashuka mpaka mabegani, na kubanwa kwenye kitanda. Baada ya dakika kadhaa inakuwa ngumu, imeshika umbo la pua na kidevu chako. Hubandikwa plasta yenye jina lako na namba ya faili, ikawekwa kwenye rafu pamoja na za wenzako. Ndani yake unapigwa picha ya CT, na wataalamu wanachora mpango ambao unaweza kuchukua wiki moja au mbili. Mwenye hofu ya kubanwa aseme siku hiyohiyo. Zipo njia: kukata tundu la macho, dawa ya kutuliza, au mtaalamu kukuzoesha taratibu. Kila siku utakaa humo dakika kumi hadi kumi na tano, unapumua vizuri, na ukiinua mkono watasimamisha.

Barakoa hiyo ina sharti: imetengenezwa kwa shingo uliyokuwa nayo siku ile. Ukikonda sana italegea, na ikilegea inabidi itengenezwe nyingine na mpango uchorwe upya, na hapo siku zinapotea. Kwa hiyo chakula katika saratani hii ni suala la ratiba pia. Anza kula vizuri kabla. Kama tayari unameza kwa shida au umeshapungua sana, zungumza na daktari kuhusu mpira wa kulishia mapema, wakati bado una nguvu.

Kuhusu makazi, tuseme wazi. Mgonjwa anayetoka Kigoma kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam, au anayetoka Turkana kwenda Nairobi, anahitaji mahali pa kulala kwa miezi miwili. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na huyu hashiki jembe: atakohoa usiku, atataka uji saa tisa, atatapika. Familia ikae kikao, ipange zamu ya nyumba mbili au tatu tangu mwanzo, na ichange nauli za wiki zote saba kabla ya safari. Wiki ya 5, ambapo nauli huwa imekwisha, ndiyo wiki ambayo saratani inazaana kwa kasi. Ulizeni pia ustawi wa jamii wa hospitali kama kuna hosteli ya wagonjwa.

Bima nayo ikaguliwe kwa kalenda. Je, idhini uliyopewa ni ya dozi zote au ya baadhi? Kadi inaisha lini? Nchini Kenya, ambako SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na hata Tanzania kwa wenye kadi ya NHIF, jambo la kuhakikisha ni lilelile: idhini ya nyongeza iombwe kabla ile ya kwanza haijaisha.

Waliopasuliwa wana saa yao nyingine, na hapa ndipo naona wiki nyingi zikipotea bila sababu. Mionzi baada ya upasuaji inatakiwa ianze ndani ya wiki 6. Utafiti wa Ang na wenzake wa 2001 ulionyesha kwamba, kwa wenye hatari kubwa ya ugonjwa kurudi, muda wote kuanzia siku ya kisu hadi dozi ya mwisho ukiwa chini ya wiki 11 matokeo huwa bora. Piga hesabu: mionzi yenyewe ni wiki 6 au zaidi. Ukisubiri wiki 6 kuanza, umeshavuka 11. Kwa hiyo lengo la kweli ni kuanza wiki ya 4 au ya 5. Hilo haliwezekani kama unasubiri kidonda kifunge ndipo upewe rufaa, ndipo uonwe kliniki, ndipo upangiwe barakoa. Onana na daktari wa mionzi kabla ya upasuaji. Omba meno mabovu yang'olewe ukiwa palepale chini ya nusukaputi. Majibu ya maabara ya kipande kilichokatwa yafuatilieni kwa miguu yenu, maana faili likikaa mezani halina anayelisukuma kama ndugu wa mgonjwa.

Ukishaanza, wiki ya kwanza itakudanganya. Hutasikia kitu. Wiki ya 2 au ya 3 ladha ya chakula inaondoka, mate yanakuwa mazito, na vidonda vinaanza mdomoni na kooni. Wiki ya 4 na ya 5 kumeza maji ni kazi, ngozi ya shingo inakuwa nyeusi na kuchubuka, na mwili unachoka hata ukiwa umelala. Hapa ndipo wagonjwa wengi husema, "Niacheni nipumzike kidogo, nitaendelea nikipata nafuu." Nawaelewa. Lakini vidonda hivyo vinatokana na mionzi kufanya kazi, na wiki hiyo ya kupumzika inaangukia mahali pabaya kuliko pote katika ratiba. Kinachotakiwa ni maumivu yatibiwe ili dozi ziendelee.

Na maumivu hayo yanatibika. Paracetamol ikishindwa, omba mofini ya maji. Nchini Uganda, kazi iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993 imeifanya dawa hiyo iwe ya kawaida, na ipo pia katika hospitali za saratani za Kenya na Tanzania. Haimfanyi mgonjwa wa saratani kuwa teja akiitumia alivyoelekezwa. Inafunga choo, kwa hiyo omba na dawa ya kulainisha. Mofini inywe nusu saa kabla ya chakula. Sukutua mdomo mara nyingi kwa siku, kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha magadi ya kuokea katika lita moja ya maji, uteme. Ukiona utando mweupe ulimini, hao ni fangasi, wana dawa. Kwenye ngozi usipake limau, mwarobaini, dawa ya kuchua wala chochote usichoelekezwa, na acha wembe na kola ngumu. Shingoni weka kitambaa laini cha pamba.

Jikoni, weka kando pilipili, ndimu na vikavu. Uji wa ulezi uliokolezwa maziwa na siagi ya karanga, mtori wa ndizi na nyama iliyosagwa, yai la kuchemsha lililopondwa kwenye supu, parachichi, viazi vilivyopondwa na mafuta. Kidogo kidogo, mara sita au saba kwa siku. Pima uzito kila wiki kwenye mizani ileile na uandike. Anayetumia dawa za VVU, kisukari au presha asiziache.

Sigara iachwe. Mwaka 1993 watafiti wa Kanada wakiongozwa na Browman walionyesha kwamba walioendelea kuvuta wakati wa mionzi, uvimbe uliondoka kabisa kwa asilimia 45 tu, wakati kwa wasiovuta wakati huo ilikuwa asilimia 74. Hakuna dawa ya bei hiyo yenye nguvu hiyo. Tambuu, ugoro na pombe vifuate njia hiyohiyo. Mwenye kuingia Ramadhani katikati ya matibabu ana ruhusa ya mgonjwa, azungumze na shekhe wake mapema ili asijibane.

Na siku ikipotea licha ya yote? Mashine huharibika, umeme hukatika, Idd na Pasaka huja. Usiondoke hospitalini kwa kuambiwa "njoo kesho" peke yake. Uliza kwa heshima: "Sista, siku hii itafidiwa vipi?" Njia zinazokubalika zipo: dozi Jumamosi, au dozi mbili kwa siku moja zikiachana angalau saa 6, au wanafizikia kurekebisha mpango ili tarehe ya mwisho isisogee. Uamuzi ni wao, lakini mara nyingi fidia hutolewa kwa aliyeuliza. Sikukuu zinajulikana tangu mwanzo wa mwaka, kwa hiyo swali la sikukuu liulizwe siku ya kupangiwa. Na uliza kama kituo kina mashine ya pili inayoweza kukupokea. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya hospitali ya Mulago, Uganda, iliyokuwa ikifanya kazi tangu 1995, iliharibika moja kwa moja, na mpya ikazinduliwa Januari 2018. Wachache walipelekwa Nairobi. Waliokuwa katikati ya dozi siku ile ndio walioumia kuliko wote, na ndiyo maana swali la mashine ya pili ni la haki kabisa kwa mgonjwa kuliuliza kabla hajaanza.

Dozi ya mwisho ikiisha, vidonda vitaendelea kuuma, hata kuzidi, kwa wiki moja au mbili, kisha vitapona taratibu. Usitupe mofini siku ya kumaliza, na usishangilie kwa nyama choma. Kipimo cha kuangalia kama uvimbe umekwisha hufanywa kama wiki 12 baadaye, kwa hiyo uvimbe mdogo unaosalia shingoni mwezi wa kwanza si lazima uwe habari mbaya. Tezi ya thairoidi iliyo shingoni hupimwa kwa damu kila baada ya miezi kadhaa, maana huweza kudhoofika.

Kwa wewe uliye na mgonjwa anayeanza wiki ijayo, naomba ufanye jambo moja kabla hamjatoka chumba cha daktari. Muulize tarehe ya dozi ya mwisho, iandike mbele yake kwenye kadi, na umwambie kwamba familia itailinda tarehe hiyo na mnaomba na hospitali iilinde. Kisha mwambie mwajiri, mwambie mwenye nyumba mtakakofikia, mwambie ndugu mwenye gari. Wote waijue.